Kioo cha Bibi Kilichonirefusha

Harufu ya mpira wa baiskeli uliopigwa na jua siwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kuinusa. Iko mahali fulani katikati ya vumbi, mafuta ya taa na kitunguu kilichosahaulika jikoni. Majuzi nilipita kwenye kibanda cha fundi baiskeli hapa Biharamulo mjini, nikaikuta mipira imening'inia kwenye msumari, imechanwa mipana kama mikanda ya suruali, nikasimama. Mwenye kibanda akaniuliza, "Mama, nikupe wa kufungia mzigo?" Nikamwambia hapana, nanusa tu. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu. Ilibidi ninunue miwili ili apate amani.

Wenzangu tuliokulia Ngara wakati ule hawahitaji maelezo. Tyubu ikichakaa haikutupwa. Ilichanwa mikanda mirefu, na mikanda hiyo ilifunga kila kitu kilichokuwa chini ya mbingu: mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, mbuzi akiwa hai na analalamika, godoro la bibi harusi pamoja na bibi harusi mwenyewe. Mwanamume aliyekuwa na baiskeli moja na mipira kumi hakuwa maskini. Alikuwa kampuni ya usafirishaji.

Kwetu Ntobeye kampuni hiyo ilikuwa ya baba mdogo Zakaria, mdogo wake baba. Baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori, na nyumbani alionekana kama kupatwa kwa jua: watu walitoka nje kutazama, kisha mambo yakaendelea. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake baba. Ya mama yangu, aliyeiendesha. Na yangu mimi, niliyekuwa na miaka saba isiyoonekana kwa macho. Baba mdogo alilala kwenye kibanda chake upande wa pili wa migomba, lakini alikula kwetu, na mwanamume anapokula ndipo maoni yake yanapokaa.

Kioo kililetwa na yeye. Shangazi alikuwa na saluni Biharamulo, akaifunga kumfuata mumewe Mwanza, na kioo kikubwa cha saluni hakikukubaliwa kwenye basi. Akampa mama yake. Kilikuja juu ya lori la maharage hadi njia panda, na kutoka njia panda baba mdogo akakifunga kwenye baiskeli yake kwa mipira yote kumi, akasukuma hadi juu kwetu. Mlima ule mnaufahamu. Anasema alisukuma masaa mawili. Mimi nasema siku tatu, kwa sababu ndivyo nilivyosubiri.

Kilikuwa kipana kuliko kirefu, fremu yake ya mninga, mgongoni kimepigwa ubao mzima. Wanaume wawili walikishusha na wa tatu akashauri. Kabla ya hapo nyumba yetu ilikuwa na kioo kimoja cha kushika kiganjani, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, ambacho kilikuonyesha uso wako kwa awamu: leo jicho, kesho pua. Bibi alipokitazama hiki kipya kikiwa kimeegemezwa mlangoni, aliona migomba, kuku, nusu ya mlima na yeye mwenyewe, vyote kwa pamoja. Akavua kitambaa, akakifunga upya vizuri zaidi.

"Kitundikeni sebuleni," alisema. "Anayeingia ajione kabla hajaniona."

Nyumba yetu ilikuwa ya miti iliyokandikwa udongo, ikapigwa lipu ya udongo na samadi, juu chokaa. Nzuri sana kwa joto na kwa baridi. Kwa misumari ni kama kupigilia kwenye ugali. Baba mdogo alileta misumari miwili ya inchi sita ambayo, kwa hesabu zangu za wakati ule, ncha zake zilitokea Burundi. Aliipigilia pale alipoona panapendeza, akazungusha mipira kwenye fremu, akaipandisha kwenye misumari, akavuta mpaka ikalia.

"Zakaria, ukuta huo ni udongo mtupu," mama alimwambia. "Mwite fundi."

"Fundi wa nini, shemeji? Mipira hii ndiyo iliyokipandisha mlimani. Kule kulikuwa na mashimo na kona. Hapa ukutani kuna kona gani?"

"Hapa kitakaa miaka."

"Basi kitapumzika."

Bibi alicheka, na bibi akicheka kesi imeisha. Mama akarudi kumenya ndizi.

Sasa niwaeleze shida yangu, maana kioo hiki kinahusu shule. Wakati ule mlango wa darasa la kwanza ulikuwa sikio. Unapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, unagusa sikio la kushoto. Ukiligusa, umekua, jina lako linaandikwa. Mwaka uliotangulia mama alinipeleka. Vidole vyangu viliishia mahali fulani juu ya jicho, na mwalimu akasema kwa upole, "Mama, mrudishe kwanza akale ndizi." Nilikula ndizi mwaka mzima. Nilikula kiasi cha kuweza kumaliza shamba. Watoto niliocheza nao walikuwa wanarudi kutoka shuleni kila mchana wakiimba vitu nisivyovijua, na walipopita kwetu walinipungia mkono kama watu walio kwenye gari.

Mama hakuwa na haraka. Kati ya kwetu na shule kulikuwa na bonde, na bondeni kijito cha kuvuka juu ya magogo mawili. Kiangazi kijito hicho kingetosha kunawia miguu. Masika kilipanda juu ya magogo, kikawafika kifuani watoto wakubwa, nao walivuka wameshikana mikono. Mama alikuwa akikitazama kutoka kwenye ua. Kwa hiyo siku kioo kilipotundikwa, na mimi nikaruka mbele yake nikidai kwamba sasa nimekua, alinisimamisha wima pale chini.

"Unaona nini?"

Niliona nywele zangu na kipande cha paji la uso.

"Siku utakayokiona kidevu chako humo," mama alisema, "nitakupeleka kuandikishwa. Kabla ya hapo usinisumbue."

Ninapomfikiria leo, naona alikuwa amepiga hesabu na kujipa miaka miwili ya usingizi. Hakuihesabu mipira.

Kila asubuhi, kabla ya kufagia, nilisimama mbele ya kioo visigino vikiwa chini. Visigino chini ilikuwa sheria yangu mwenyewe. Sikutaka mtu aseme nimeiba. Haukupita muda nikaziona nyusi. Siku kadhaa baadaye, macho. Nilipokutana na macho yangu yote mawili kwa wakati mmoja niliogopa kidogo, kwa sababu yalikuwa yananitazama kwa umakini mno. Nilikua usiku na mchana. Nilikua nikila, nilikua nikichota maji. Niliweza karibu kusikia mifupa ikivutika, na sauti yake ilikuwa kama mpira unaokazwa. Ndiyo, niliisikia hasa, alasiri, nyumba ikiwa kimya: nyii. Nilijua ni mimi.

Lakini si mimi peke yangu niliyekuwa na habari njema. Bibi alikuwa na desturi, kama bibi wa kila mtu, ya kufunika kioo kwa kanga mvua ikianza kunguruma, radi isije ikajiona humo ikapenda kuingia. Mwanzoni alipanda kwenye kigoda. Mvua za kwanza hazijaisha, akawa anafunika akiwa amesimama sakafuni. Alikuwa anakunywa mizizi fulani ya mgongo, aliyoletewa kutoka Bugarama, na tangu siku hiyo mizizi ile ikapata sifa Ntobeye nzima.

"Mgongo umenyooka," aliwaambia wageni. "Nilikuwa nimejikunja kama mundu. Nitazameni!"

Wageni walimtazama. Kwa kweli alikuwa bado kama mundu, lakini nani amwambie?

Baba mdogo naye, aliyekuja kuchana nywele kabla ya kwenda mnadani, alianza kukunja magoti kidogo ili aone kichwa chake. Alilifurahia jambo hilo. Alisema kusukuma ndizi mlimani kunavuta mtu. "Shemeji, mwanamume anaweza kuongezeka urefu mpaka miaka thelathini," alimwambia mama. "Suruali hii ilikuwa inanifika hapa." Mama alimwambia suruali imeruka kwa sababu ya kufuliwa na maji ya moto. Mama mwenyewe hakuwahi kusimama mbele ya kioo kile. Alikuwa na kazi.

Pua nilipoiona nilisikitika, nilitarajia zaidi. Midomo ilinichelewesha wiki nzima, na habari za uandikishaji zilikuwa zimeshaanza kutangazwa kanisani. Siku moja ya mwisho wa juma, asubuhi, mwanga ukiwa unaingia mlangoni, nikasimama, nikashusha visigino, na chini kabisa ya kioo, juu tu ya mninga, kikakaa kidevu changu. Chote. Na doa la uji juu yake.

"Mama! Kidevu! Mama!"

Alikuja na mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi. Akasimama kando yangu, akajiinamisha mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, tukatazamana ndani ya kioo. Aliniona. Kisha uso wake ukabadilika, kwa sababu hakuwa ananitazama tena mimi. Alikuwa anatazama juu ya fremu, ambako palikuwa na ukanda wa chokaa nyeupe, safi, usioguswa na moshi, upana wa kiganja na vidole viwili. Juu ya ukanda huo misumari ya baba mdogo ilikuwa imeinamisha vichwa kama ng'ombe wanaokunywa maji, na kutoka kwenye kila msumari ulishuka ufa. Mipira ilikuwa imevutika mpaka imekuwa myembamba kama kamba za viatu.

Mama alinishika mkono akanirusha nyuma. Sitanii, nilitua karibu na mlango.

"Usikanyage tena pale! Zakaria! Zakaria, njoo utazame mauaji yako!"

Baba mdogo alikuja mbio, akipiga mswaki. Alitazama ule ukanda mweupe. Alitazama magoti yake.

"Kimeshuka," alisema.

"Kimeshuka? Kimetembea! Mtoto anasimama chini yake kila siku."

"Lakini mpira haukukatika, shemeji. Huo ukweli tuuseme."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu na bakuli la mizizi mkononi. Alilitazama bakuli, akaenda taratibu mpaka kwenye ukingo wa ua, akaimwagia migomba maji yale. Watu watatu tulirudia kimo chetu cha zamani kwa mkupuo mmoja, kabla ya chai.

Waliegemeza kioo sakafuni, uso ukielekea ukuta, na siku iliyofuata mama akamwita Fundi Sebastiani, mzee aliyetengeneza milango na vitanda, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Niliposema shikamoo alijibu marahaba akiwa tayari ameweka sikio ukutani. Aligonga kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, kama daktari anayepima kifua. Po, po, po. Kisha: to.

"Hapa pana nguzo," alisema. Akaweka alama kwa mkaa. Akaendelea mpaka akaipata ya pili. Misumari ya baba mdogo, ilionekana sasa, ilikuwa imepigiliwa katikati ya nguzo hizo mbili, kwenye udongo na matete, mahali ambapo panya mwenyewe asingejenga.

Baba mdogo hakuweza kunyamaza. "Fundi, mipira ile ilikipandisha mlima mzima."

"Mpira ni wa mzigo unaosafiri," Fundi Sebastiani alisema bila kugeuka. "Unajivuta, unarudi, unajivuta, unarudi. Ukiufungia mzigo uliokaa, unajivuta tu. Na huna siku ya kuukaza upya."

Alipigilia kwanza ubao mnene wa kukikalia kioo, umeshikwa na nguzo zote mbili, ili uzito wote ukae chini kama mtu kwenye benchi. Juu akaweka misumari mingine, nayo ndani ya nguzo, imeelekezwa juu, ya kushika waya wa seng'enge uliokunjwa mara mbili mgongoni mwa fremu. Waya huo, alieleza, haubebi. Unazuia tu kioo kisianguke kifudifudi. Nimetundika vioo kadhaa tangu wakati huo, na nimesoma mengi, zikiwemo hesabu za nguvu na uzito tulizofundishwa madarasa ya jioni tukiwa watu wazima wenye usingizi. Hakuna aliyenieleza vizuri zaidi.

Ila siku ile sikumpenda hata kidogo. Ubao wake ulikuwa juu, palepale ambapo kioo kilianzia. Wakati yeye na baba mdogo wanainama kukinyanyua, nilikwenda nikasimama mbele ya ukuta, nikatandaza mikono.

"Hapana."

"Mtoto, toka," baba mdogo alisema. "Kitu hiki kizito!"

"Kiwekeni chini. Kiwekeni pale kilipokuwa."

Fundi Sebastiani alikohoa, akakirudisha kioo sakafuni. "Kwani huku juu kimekukosea nini, bibi mdogo?"

Nikamweleza yote: sikio, ndizi, kidevu. Nilieleza nikilia, kwa hiyo ilichukua muda. Mama alikuwa mlangoni, kisu cha ndizi mkononi.

"Lakini mwanangu," fundi alisema, "hukukua wewe. Kilishuka kioo."

"Mama hakusema nikue. Alisema nikione kidevu. Nilikiona. Na yeye alikiona."

"Kwa sababu kilikuwa kinaanguka," mama alisema.

"Hukusema kisianguke."

Baba mdogo alianza kucheka akajifanya anakohoa. Fundi alikuwa anakohoa kweli. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake akiwa mundu kamili, akasema kwa utaratibu, "Hukusema. Nilikuwepo."

Mama alinitazama, kisha akatazama nje ya mlango, kule bondeni. Nilidhani amekasirika. Niliusoma uso ule kwa miaka mingi kama uso wa hasira, mpaka nilipopata watoto wangu na kuuvaa mimi mwenyewe.

"Toka hapo wapandishe kioo," alisema tu, akarudi kwenye ndizi zake.

Nilitoka. Wakakipandisha. Sikutaka kukitazama, lakini nilitazama: nywele, na kipande cha paji la uso.

Asubuhi ya Jumatatu niliamshwa na maji ya moto. Mama alinisugua mpaka nikawa na rangi nyingine, akanipaka mafuta kwa kiasi ambacho inzi angeteleza, akanivisha gauni la kanisani. Bondeni alivua viatu, akasimama juu ya magogo, akachovya fimbo ndani ya maji, akatazama mahali alama ya maji ilipoishia, akaichovya tena upande wa pili. Kisha akanishika mkono tukavuka.

Mwalimu alikuwa yuleyule, mezani chini ya dirisha, daftari wazi mbele yake. Mama akamwamkia. Nami nikasema shikamoo mwalimu kwa sauti ya mtu mkubwa.

"Gusa sikio," mwalimu alisema.

Nilipitisha mkono. Nilivuta. Naapa kwamba bega liliondoka mahali pake. Vidole vilifika kwenye nywele za juu ya sikio, vikalitekenya, vikaishia hapo.

"Kichwa wima," mwalimu alisema. "Usilale."

Nilikiweka wima. Sikio likaondoka.

Mwalimu aliweka kalamu chini, akamgeukia mama, na nilijua neno litakalofuata ni ndizi. Mama hakumpa nafasi.

"Mwalimu," alisema, "mkono haujafika. Najua. Lakini mdomo wa mtoto huyu ulifika zamani. Mimi nyumbani ameshanishinda. Naomba mnisaidie."

Mwalimu alinitazama. Akaniuliza jina langu. Nikamtajia, na la baba, na la babu, na kwa kuwa hakuniambia ninyamaze nikaanza na ya mashangazi. Alikuwa anaandika huku mabega yakimcheza kwa kicheko.

Nilikuwa mfupi kuliko wote darasani. Mwaka mzima nilikalia tofali lililowekwa juu ya benchi ili nione ubao. Masika yalipokuja, kijito kikapanda juu ya magogo kama kawaida yake, na watoto wakubwa wakashikana mikono kifua majini. Mama aliacha kila kitu, asubuhi na mchana, akashuka bondeni, akapandisha kanga, akanibeba mgongoni na daftari langu nikalishika juu ya kichwa chake. Hakuniambia ni mpaka lini. Na mimi nilivuka masika yote nikiwatazama kutoka juu wanafunzi wa darasa la saba, na sikumbuki kama nimewahi kuwa mrefu kiasi kile tena.